Vanishi ya Chumbani

Mpangaji wa mjini anayepaka kabati vanishi ndani ya chumba kimoja, madirisha kayafunga ili vumbi lisiingie, anastahili pongezi: ameilinda mbao, mwenyewe kajisahau. Mvuke wa tina inayochanganywa na vanishi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ulifikie jiko la mkaa, na hapo kabati litakauka kwelikweli. Atajitetea kwamba nje kuna vumbi na mvua. Sawa, lakini chembe ya vumbi huondolewa kwa msasa laini na mkono wa pili wa vanishi. Mapafu hayapigwi msasa. Fundi wa kijijini Sindeni, anayechekwa kuwa wa shamba, hupaka uani, kwenye hewa isiyo na kodi. Wa mjini hulipa kodi kila mwezi ili alale na kopo la tina.