Chai ya Katibu Nyani

Chini ya milima ya Uluguru, pale Mto Ngerengere unapopungua maji kila kiangazi, wanyama walikuwa na kisima kimoja na daftari moja la zamu. Zamani daftari hilo lilikuwa kichwani mwa Bibi Tembo. Alipofariki, baraza likanunua kompyuta mpakato, likamkabidhi Nyani, katibu wa kijiji, aandike humo zamu zote: Digidigi alfajiri ya Jumatatu, Ngiri jioni yake, na wengine mpaka Jumapili. Humo pia ziliandikwa ndoo ambazo Fisi alichota zaidi ya haki yake na alitakiwa kuzirudisha.

Swala, karani kijana, aliomba kunakili daftari hilo kwenye flashi. Nyani akamjibu kwamba mambo ya ofisi hayatembezwi mfukoni.

Asubuhi ya kikao cha baraza, Nyani aliweka kikombe cha chai ya maziwa kando ya kompyuta, nayo imechomekwa kwenye chaja. Alipogeuka kumfukuza nzi, mkia wake ukakipiga kikombe. Chai ikamwagika juu ya kibodi, ikapenya kati ya vitufe, ikazama.

"Bwana Katibu, izime!" Swala alipiga kelele. "Bonyeza kitufe cha kuwashia, usikiachie mpaka kioo kizime. Kisha chomoa chaja!"

"Nizime na Mzee Simba yuko njiani? Atauliza kwa nini."

Nyani akachukua kitambaa, akafuta kibodi kwa haraka. Juu pakakauka. Kioo kilikuwa bado kinang'aa. Akashusha pumzi, akaketi.

Kuketi kule ndiko kulikoiua mashine. Kibodi ya kompyuta mpakato ina karatasi nyembamba za plastiki zilizolaliana, zenye njia za umeme, na chini yake, karibu mno, kuna mothabodi, yaani bodi kuu ya mashine, na betri. Kinachofutwa kwa kitambaa ni kile cha juu tu. Kilichobaki huendelea kushuka, na chai ya maziwa ina chumvichumvi zinazopitisha umeme. Umeme ukikutana na unyevu huo huacha njia zake, huunguza visivyotakiwa kuunguzwa, kisha huanza kuila shaba. Mashine iliyozimwa mapema na kuondolewa betri imelowa tu, na iliyolowa mara nyingi huponyeka. Iliyoachwa ikiwaka inaliwa huku mwenyewe akiitazama. Lililotakiwa ni jambo la nusu dakika: kuizima, kuchomoa chaja, kutoa betri kama ni ya kutolewa kwa nje, kisha kuikunjua na kuisimamisha kifudifudi kama paa la hema, ili chai irudi ilikotokea badala ya kuzidi kuzama. Nusu dakika hiyo Nyani aliitumia kukausha meza.

Simba, mwenyekiti wa baraza, akaingia, baraza likasimama, likaketi. "Katibu, tusomee zamu za wiki hii."

Nyani akagusa kibodi. Herufi m ikaanza kujiandika yenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka ikajaza kioo. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Ni umeme, Mzee," Nyani alisema. "Umeme wa siku hizi una hitilafu."

Swala alimtazama, akanyamaza. Mwaka uliotangulia, Pundamilia alimwaga wino kwenye kitabu cha ushuru, akaenda kusema mwenyewe, akafukuzwa kazi kabla wino haujakauka. Hakuna mtumishi wa ofisi ile aliyeisahau siku hiyo.

Fisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa ushauri. "Iwasheni tena! Kitu kikizima kinawashwa." Akabonyeza, akabonyeza tena, na kila alipobonyeza alipeleka umeme ndani ya chai. Ngiri akataka ipashwe kwenye jiko la mkaa; vitufe viwili vikapinda kabla Swala hajainyakua. Ndipo Mbuni akaja na debe la mchele, akitembea kwa madaha ya mganga anayejua dawa yake. Mashine ikafukiwa. Hakuna aliyepinga, maana kila mmoja alikuwa amewahi kuisikia dawa hiyo kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwenzake.

Mchele hauna uwezo huo. Hauvuti unyevu ulio ndani ya mashine iliyofungwa kuliko hewa ya kawaida inavyoukausha, na huacha vumbi la wanga na punje ndani ya matundu. Kompyuta zinazosifiwa kuwa zimeponywa na mchele zilikaushwa na muda uliopita, na huenda zingekauka mapema zaidi zikiwa wazi penye upepo. Kibaya zaidi, hata maji yote yakikauka, sukari na maziwa hayaondoki. Hubaki yameganda juu ya vyuma, yakivuta unyevu wa hewa, na kutu huendelea kufanya kazi usiku na mchana wakati wenyewe wanasubiri mchele ujibu.

Mashine ilikaa mcheleni siku tatu. Siku ya tatu ilinuka maziwa yaliyochacha, na sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani mpaka ndani ya kibodi.

Siku hizo tatu Fisi alikwenda kisimani kila alfajiri. Digidigi alipofika na watoto wake, alikuta tope. Alipolalamika, Fisi alimwambia alete daftari linaloonyesha kwamba zamu ni yake.

Baraza likaandika barua kwa Kunguru, muuzaji, likidai dhamana: mashine imeharibiwa na umeme, ibadilishwe. Kunguru akaja, akafungua kifuniko cha chini, akaweka ukucha juu ya kibandiko kidogo. "Hiki kinabandikwa kiwandani kikiwa cheupe," alisema. "Kikiguswa na maji kinageuka. Kitazameni." Kilikuwa chekundu. Dhamana haikuhusu vilivyomwagika, kama dhamana nyingi za mashine hizi zisivyohusu. Simba akamgeukia Nyani, na Nyani akatazama sakafu.

Siku ya nne ndipo Kakakuona alipoletwa kutoka msituni. Wazee walimwekea maji, nafaka na mkuki, kwa kufuata desturi, ili aonyeshe kama mwaka utakuwa wa mvua, wa mavuno au wa vita. Kakakuona akavipita vyote vitatu, akaomba bisibisi.

"Shikamoo, Babu," Nyani alisema.

"Marahaba. Kilimwagika nini?"

"Maji, Babu. Kidogo tu."

Kakakuona akanusa kibodi. "Mjukuu wangu, sikuulizi ili nikufunge. Maji matupu nitayakausha. Chai lazima niioshe. Nikiushika uongo wako, nitaifungia sukari ndani."

Swala akapiga hatua mbele. "Ni chai ya maziwa, Babu. Yenye sukari nyingi. Na haikuzimwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaanza kazi. Kwanza alichomoa waya wa betri, kwa kuwa mashine iliyozima bado hulishwa umeme na betri katika baadhi ya sehemu zake. Pili akafungua skrubu moja, akatoa diski. "Daftari kwanza, mashine baadaye," alisema. Akaiunganisha diski hiyo na kompyuta aliyokuja nayo, na zamu zote zikatokea, pamoja na ndoo za Fisi. Digidigi alilia. Kakakuona akawaonya kwamba walikuwa na bahati: ziko mashine ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye mothabodi, na mothabodi ikifa, daftari hufa nayo.

Kisha akainua kibodi. Karatasi za plastiki zilikuwa zimegandana kwa sukari. Kibodi hiyo haikuwa ya kuoshwa tena. Chini yake, mothabodi ilikuwa na ukungu wa kijani mahali shaba ilipoliwa. Akachukua mswaki laini na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Ngiri alimletea spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70, akaikataa kwa sababu ina maji mengi mno kwa kazi ile. Akasugua taratibu, akaacha upepo ukaushe bila moto, akafunga kibodi mpya ya aina ile ile. Alipowasha, taa ndogo iliwaka, ikafifia, ikazima. Njia ya umeme wa chaji ilikuwa imeshakatika.

Akaandika risiti, na Swala akaisoma mbele ya baraza: "Kilichomwagika: chai ya maziwa. Kibodi: haifai. Mothabodi: haifai. Diski: nzima. Ingeletwa siku ile ile ikiwa imezimwa, ningebadilisha kibodi peke yake."

Simba akauliza kwa nini haikuletwa siku ile ile. Baraza zima likanyamaza. Ni Swala aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Kwa sababu ya Pundamilia, Mzee."

Simba alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akatoa hukumu, nayo ikaandikwa kwa mkono maana hapakuwa na mashine.

Pundamilia aitwe, arudi kazini leo. Nyani abaki katibu na alipe kibodi. Mothabodi italipwa na kiti cha mwenyekiti, kwa kuwa aliyeogopwa ni mwenyekiti. Mtumishi atakayemwaga kitu, akazima mashine na kusema papo hapo, hatatozwa wala kukemewa. Daftari la zamu linakiliwe kila Ijumaa, nakala moja ikae kwa Swala na nyingine kwa Digidigi. Na Fisi arudishe ndoo zote alizochota, za zamani na za siku hizi, kuanzia kesho alfajiri.