Tovuti Iliyosema Umbea

Klabu yetu ya taarab hapo Unguja mjini iliponiita niitengenezee tovuti, nilikwenda na shati la mikono mirefu. Kamati iliniagiza mambo mawili tu. Kwanza, ifunguke kwa simu ya mtu mwenye kibando cha kubahatisha. Pili, mzee wetu wa fidla, ambaye haoni, aweze kuitumia bila kushikwa mkono. Nikajibu, "Hilo dogo, wazee wangu," nikarudi nyumbani kufanya kinyume chake.

Nilikuwa na ufundi wa kuonyesha. Nikaweka video ya jua likizama nyuma ya jahazi, ganuni inayojipiga yenyewe ukifungua tu, na maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya rangi ya maziwa. Nikaitazama kwenye laptopu yangu usiku kucha kama mtu aliyejengewa nyumba.

Katibu aliifungua mara ya kwanza akiwa hitimani. Ganuni ikalia katikati ya dua. Alipojaribu kuizima, simu ikaganda, maana video ilikuwa bado inateremka, megabaiti 38 nzima, na ganuni ikaendelea kuwaburudisha wafiwa. Baadaye alinieleza kwa upole wa kutisha kwamba jua lilikuwa halijagusa maji, bando likazama kwanza. Tovuti ya kwanza kabisa duniani, ile ya Tim Berners-Lee ya 1991, ilikuwa maandishi matupu, na sijasikia kwamba ilimfedhehesha mtu msibani.

Bi Mweka Hazina yeye aliifungua juani, nje ya mlango wa klabu. Akaisogeza simu, akairudisha, akaiinamisha. "Mwanangu, mbona naona kanzu nyeupe imeanikwa?" Kuna kipimo cha mambo haya: viwango vya kimataifa vinataka mwachano wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1. Nikapima dhahabu yangu. Haikufika hata 2. Nikaweka wino mweusi, na Katibu akalalamika kwamba sasa inafanana na tangazo la maziko. Nikamkumbusha kuwa maziko alikwishayapigia muziki.

Fedheha yenyewe hasa ilinisubiri kwa mzee wa fidla. Yeye anatumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa 2006 na kijana wa Australia ambaye naye haoni. Alinikaribisha kwake, akaniwekea kahawa, akafungua kazi yangu. Sauti ikaanza kusoma Kiswahili chetu kwa lafudhi ya mzungu aliyeshuka melini asubuhi ile. "Karibuni" ikawa kitu cha kupakwa kwenye mkate. Ilipofika habari za mwimbaji Siti binti Saad kwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, jina la babake likatoka kama neno la Kiingereza la huzuni, na mwaka ukasomwa naintini-twenti-eiti. Kisha zikaja picha: "Picha, IMG, mstari wa chini, nne nne saba moja. Picha, IMG, mstari wa chini, nne nne saba mbili." Zilikuwa picha sitini. Mzee alisikiliza hadi ya ishirini, kikombe kimemkauka mkononi.

"Hawa," akauliza, "ndio wanachama wapya?"

Ugonjwa wa lafudhi dawa yake ilikuwa herufi mbili. Ukurasa unatakiwa utaje lugha yake kwa siri, mwanzoni kabisa, na alama ya Kiswahili ni "sw". Mimi nilikuwa nimeiachia "en" iliyokuja na kiolezo. Nilipobadilisha, sauti ikaongea Kiswahili. Cha roboti, ndiyo, lakini roboti aliyekaa kwetu angalau miaka miwili.

Kisha nikataka tovuti isile hata umeme mwingi, na hapo toba yangu ilipitiliza. Nilikuwa nimesoma habari za jarida la Low-tech Magazine, ambao tangu 2018 wana tovuti inayoendeshwa kwa sola kutoka Barcelona, na mawingu yakizidi huwa inazimika. Nikawapendekezea kamati tuweke paneli juu ya paa. Katibu akanitazama. "Kwa hiyo masika klabu imefungwa?" Niliwasahau ni watu gani. Hawa walikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika. Huwezi kuwauzia kukatika kwa umeme kama jambo jipya kutoka Ulaya.

Nikaiga basi namna yao ya kupunguza uzito wa picha, ambapo rangi zinaondolewa na picha inageuzwa vidoto vidoto. Uzito ulishuka kweli. Lakini Bi Mweka Hazina alipoiona picha ya marehemu mpiga nai, akashika kifua. "Lo! Mmemtia ndui!" Ikabidi nirudishe picha za kawaida, nikizipunguza ukubwa na kuzifanya zishuke pale tu mtu anapozifikia. Bila video wala ganuni, ukurasa wa mwanzo sasa una kilobaiti 84. Vidoto nikavizika.

Zikabaki zile IMG. Kila picha inatakiwa iwe na maandishi mbadala, sentensi moja au mbili za kumwambia asiyeona kilichomo. Nikakaa nazo moja moja, mkweli kupita kiasi kama mtu aliyetoka kutubu. Mojawapo ilikuwa picha ya mazoezini, iliyokuwa ikining'inia juu ya mlango wa klabu tangu sijazaliwa: mwimbaji wetu mkongwe amesimama, pembeni yake Bi Mweka Hazina kijana, anacheka. Nikaikuza. Nikaandika nilichokiona.

Siku ya kuikabidhi, mzee wa fidla aliomba tuisikilize sote kwa spika. Roboti akasoma vizuri sana. "Picha. Mwimbaji amejitanda kanga yenye jina: Nilichotulia nacho ndicho ulichokikosa. Kushoto kwake, Mweka Hazina."

Feni ndiyo iliyoendelea kuzungumza. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kwamba kulikuwa na bwana mmoja, sasa marehemu, aliyehama nyumba moja akahamia nyingine. Picha ilikuwa juu mno, maandishi madogo mno, na miaka yote hiyo hakuna aliyelisoma lile jina isipokuwa aliyelivaa.

"Futa," akasema Bi Mweka Hazina.

"Ukiyafuta maneno, na picha iondoke," akasema mzee wa fidla. "Nyinyi wenye macho mmepewa fumbo hili bure miaka mingi, mmeshindwa kulisoma. Mimi ndio kwanza nimelipata leo, mnaninyang'anya?"

Wakapiga kura. Maneno yakabaki, kura nne kwa tatu.

Jioni ile ile simu yangu ikaita. Alikuwa mwimbaji mwenyewe, ambaye siku hizi hatoki sana.

"Mwanangu, nasikia ile kanga yangu sasa inasomeka."

Nikaanza kuomba radhi.

"Ah, wewe niachie. Nna nyengine hapa, maneno yake makubwa kuliko ile. Unakuja lini kunipiga picha?"