Nati ya Milimita 36

Sili ya ekseli ya nyuma ya Volkswagen Beetle ni kiduara cha mpira ambacho bei yake haifiki mbali. Kukinunua si kazi. Kazi ni kukifikia, maana kimejificha nyuma ya dramu ya breki, na dramu ya Beetle ndiyo habu yenyewe: imevishwa kwenye meno ya ekseli, ikabanwa na nati moja ya milimita 36. Wajerumani wa Wolfsburg waliagiza nati hiyo ikazwe kwa uzito wa kilo 30 kwenye mkono wa spana wa mita moja. Hapo nati ni mpya. Iache Tanga ilishwe chumvi ya bahari nusu karne, halafu njoo na kispana chako.

Gari lenyewe ni la marehemu ami, la miaka ya sitini, nalo limekaa uani kwa shangazi, Ngamiani. Lilikuwa linakwenda vizuri tu, ila ukikanyaga breki linakuvuta kulia. Fundi hakutaka hata kuliwasha. Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kushoto, akapitisha kidole chini ya dramu, akakinusa.

"Oili ya gia hii. Sili imekufa, shuu zinaogelea. Upande mmoja unashika, mwingine unateleza."

Fundi huyu ana maneno machache, na uani kwa shangazi maneno hayajawahi kupungua. Akakataza gari lisipandishwe jeki. Nati hii hufunguliwa tairi likiwa chini, handibreki juu, gari kwenye gia, tofali mbele na nyuma. Ukipambana nayo juu ya jeki, gari litakushukia. Akabandua kifuniko cha ringi, akaanza na kota pini, ambayo ilikatika kichwa papo hapo. Mwili wake ukabaki ndani ya tundu, ukatolewa kwa msumari, kutu punje kwa punje. Ikaja soketi, ya kuazima kwenye gereji ya malori. Ukaja mpini. Na juu ya mpini likavishwa bomba la chuma la mita moja na nusu, ambalo hadi asubuhi hiyo lilikuwa nguzo ya kamba ya nguo ya shangazi.

Nikaning'inia. Nina kilo 70. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa fizikia, alikuwa ameshajiwekea kiti cha plastiki na kikombe cha kahawa. Akapiga hesabu kwa sauti: 70 mara moja na nusu ni 105, yaani mara tatu na nusu ya walichoagiza Wajerumani. "Lazima itoke," akasema. Haikutoka. Mwalimu akarudia hesabu, akapata jibu lile lile, akaikunjia nati uso.

Watu wakajaa. Huyu kaja na mafuta ya taa, huyu na siki. Kijana wa bodaboda akaleta soda nyeusi, nusu akaimimina kwenye nati, nusu akainywa. Kila mmoja alimjua mtu, na siku zote ni mtu wa Muheza au Korogwe, aliyefungua nati mbaya kuliko hii bila hata kutoa jasho.

Adhuhuri fundi akaenda kuswali. Ndipo alipoingia fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi baiskeli akisema, watu husikiliza. Aliuliza swali moja tu: pedali ya kushoto inafungukia wapi? Tukamjibu, kinyume. "Na hili gurudumu ni la upande gani?" La kushoto. Uani kukawa kimya. Hoja ilikuwa tamu mno. Fundi wetu aliporudi kutoka msikitini alikuta wanaume watatu wameng'ang'ania bomba, wanaikaza nati, mwalimu anawahesabia moja, mbili, tatu.

Hakufoka. Alivua kofia, akaiweka juu ya boneti, ambayo kwa Beetle ndiyo buti, akasema kwamba kwenye ekseli ya nyuma ya gari hili hesi ni za kawaida kushoto na kulia. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nati ilitoka alasiri, kijana wa bodaboda akiwa amesimama juu ya bomba anarukaruka. Paa! Kuku wakatawanyika, na kijana akatua kwenye beseni la unga wa vitumbua.

"Na huo unga, mwanangu," shangazi akasema, "nani ataukoroga tena?"

Kumbe nati ilikuwa salamu tu. Gari likapandishwa, tairi likatolewa, na dramu haikutikisika. Meno yalikuwa yameumana kwa kutu. Kijana, kichwa bado cheupe kwa unga, akaomba nyundo. Fundi akamnyima: dramu ni chuma cha kalibu, ukiigonga ukingo inapasuka. Akalegeza shuu kwa bisibisi kupitia tundu lake dogo, maana nazo huishikilia dramu kwa ndani. Nati akairudishia mizunguko michache, dramu ikitoka isije ikaruka. Akafunga pula kwa boliti za tairi kwenye yale matundu matano. Anakaza, anagonga kichwa cha pula, anakaza tena. Hadi magharibi hakuna kitu.

"Iacheni hivyo hivyo," akasema. "Ilale na mzigo wake." Akaenda zake.

Usiku wa manane kitu kikalipuka uani. Shangazi akapiga yowe la mwizi, na Ngamiani yowe hilo halipigwi mara mbili. Walitoka na mapanga, na rungu. Mwalimu na tochi. Fundi baiskeli na pampu. Tochi ikamulika nyuma ya gari. Dramu ilikuwa imechomoka kwenye meno, imeegemea nati, na hapakuwa na mtu.

Hakuna aliyerudi kulala. Mwenye siki alisema ni siki, kwamba siki hufanya kazi polepole. Mwenye mafuta ya taa akamwuliza kama ana haya. Mwalimu alieleza mkazo na kutu kwa saa nzima, akichora ardhini kwa panga la mtu. Kijana wa bodaboda akadai soda yake irudishwe, au ile nusu aliyomimina.

Asubuhi fundi alifuta ekseli, akaweka sili mpya na shuu mpya, akakaza nati, akatia kota pini inayong'aa. Bomba nalo lilirudi kwenye kamba ya nguo likiwa na kiwiko, na kanga za shangazi sasa zote huteremkia upande mmoja. Nilimlipa, kisha nikamwuliza kuhusu gurudumu la kulia.

"Hilo halivuji," akasema, tayari yuko juu ya baiskeli yake.