Jinsi ya Kunguruma Bila Kufika: Mwongozo kwa Mwenye Pikipiki wa Kigali

Pikipiki tunayoihitaji hapa ni ile ile ya motari anayebeba abiria, TVS au Bajaj Boxer, inayoshinda barabarani tangu alfajiri. Kiwanda kimeipa ekzosi yenye sauti ya mzee mstaarabu anayekohoa msibani. Aibu hiyo ndiyo tunayokuja kuiondoa.

Tafuta fundi. Epuka yule anayeanza kwa kuuliza pikipiki inasumbua nini. Huyo atakupotezea muda akisafisha kabureta na kurekebisha vavu. Unayemtaka ni mwenye msumeno mkononi kabla hujashuka. Akiipasua sailensa mtakuta vyumba na vijibomba vyenye matundu, naye atakwambia hizo ni takataka zinazoikaba injini pumzi. Itikia.

Usimweleze kwamba kila moshi unapotoka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, na likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi nyuma ikivuta badala ya kusukuma. Vipimo vikiwa sawa, mvuto huo huifikia vavu kabla haijafunga, ukafyonza mabaki ya moshi na kuipisha hewa mpya. Kwenye pikipiki za kazi hesabu hii hulenga mizunguko ya chini na ya kati, yaani ile unayopandia mlima ukiwa na abiria na gunia lake la viazi. Kata tu. Wimbi litarudi litakapojisikia.

Kabureta nayo iache kama ilivyo. Moshi ukipata njia nyeupe, mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli kidogo, plagi hugeuka nyeupe kama chaki, hedi ikachemka. Halafu siku unateremka kutoka Rebero, ukiachia mafuta, ekzosi itapiga pa! pa! pa! Vijana watashangilia. Ni petroli uliyoilipia, inaungulia nje ya injini. Na kama unaishi Biryogo, ambako watu walizungumza Kiswahili miaka mingi kabla ya bunge kukifanya lugha rasmi mwaka 2017, utatukanwa usiku kwa Kiswahili safi kabisa.

Hapo atatokea mjuzi. Atasema Kigali iko yapata mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli kupita kiasi, na ekzosi iliyo wazi husawazisha mambo. Mheshimu, maana ana nusu ya ukweli, na biashara hii yote inaishi kwa nusu hiyo. Nusu nyingine ni kwamba hewa yenyewe imepungua kwa karibu asilimia 15, na hakuna tundu la nyuma ya pikipiki litakaloirudisha mbele.

Lakini mbona kila aliyekata bomba huapa kwamba pikipiki imekuwa kali? Kwa sababu aliyeiendesha ni sikio. Desibeli zikiongezeka 10, mtu husikia kama sauti imekuwa mara mbili. Ila sauti ni nishati ndogo mno: desibeli 100, zikipimwa mita moja kutoka kwenye bomba, hubeba kama sehemu ya nane ya wati. Injini yako inatoa maelfu ya wati, nawe umeiamsha Nyamirambo nzima kwa nguvu isiyotosha tochi ya mlinzi.

Kinachobaki ni kuijaribu kazi yetu. Shuka Nyabugogo, pakia abiria mmoja mnene, elekea mjini kwa kupandisha Muhima. Ngurumo itakuwa ya simba, mwendo utakuwa wa kondoo wa kafara. Mahali fulani katikati ya mlima kitapita kivuli pembeni yako, kimya, bila moshi. Hiyo ni pikipiki ya umeme, ya wale wanaobadilisha betri vituoni badala ya kupanga foleni ya petroli. Kampuni ya Ampersand inazo hapa tangu 2019. Mota yake hutoa nguvu tangu gurudumu halijazunguka, na haina habari na hewa nyepesi kwa kuwa haivuti hewa. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kubeba abiria Kigali, kwa hiyo vivuli hivi vitaongezeka. Usibabaike. Shusha gia, vuta mafuta mpaka mwisho, acha bomba liseme.

Abiria wako atakugonga bega, akitaka kujua kwa nini mnapitwa na kitu kisicho na sauti. Mweleze yote: wimbi, kabureta, mlima, uzito wake. Eleza taratibu, bila haya. Amevaa helmeti, na ekzosi yako inafanya kazi, hatasikia neno.