Jirani Hana Kosa: Mwongozo wa Minyoo ya Kuku kwa Watu wa Kibingo

Kuku akikonda Kibingo, mshtakiwa wa kwanza ni jirani. Ana jicho baya. Juzi alipita akamsifia tetea, kesho yake tetea akaanza kusinzia chini ya mgomba. Mshtakiwa wa pili ni jogoo mgeni aliyenunuliwa gulioni. Wa tatu ni mdondo, maana kutoka Murongo hadi Kayanga kila kifo cha kuku hubebeshwa mdondo. Minyoo iliyokaa tumboni mwa kuku huyo ikila chakula chake usiku na mchana haitajwi hata kwenye orodha ya mashahidi. Waitu, tuifungue upya kesi hii.

Hatua ya kwanza ni kumwacha jirani apumzike na kumshika kuku. Mshike usiku akiwa amelala, atakuwa mtulivu. Papasa kifua. Kuku mzima ana nyama pande zote mbili za mfupa wa kidari. Mwenye minyoo mingi mfupa wake unachoma kiganja ingawa jioni alikula mbele yako. Mchana tazama upanga wake wa kichwani kama umepauka, manyoya kama yamesimama, kinyesi kama ni majimaji. Waangalie na vifaranga: wa miezi mitatu wakilingana na wa wiki sita, kuna anayekula kwa niaba yao. Ila magonjwa mengine pia yana dalili hizi, na hapo ndipo mtu hukimbilia kubahatisha.

Kwa hiyo hatua ya pili hungoja siku ya kuchinja. Desturi yetu ni kumtupia mbwa utumbo bila kuutazama, na ushahidi wote huliwa mbele ya macho yetu. Safari ijayo, mwambie anayenyonyoa asitupe kitu. Weka utumbo kwenye beseni la maji safi, anza chini ya firigisi, upasue kwa mkasi taratibu kwenda chini. Minyoo mirefu ya mviringo, myeupe inayoelekea njano, ya sentimita 5 hadi 12, ni askaridia. Ikiwa mingi inaweza kuziba utumbo kabisa. Ukikuta utepe bapa wenye pingilipingili, vuta kidogo: kichwa chake kimejichimbia kwenye ukuta wa utumbo, na wakati mwingine utaona vinundu mahali kilipong'ang'ania. Hiyo ni tegu. Usisahau ile mifuko miwili iliyofungwa upande mmoja kule mwishoni, utumbo kipofu, ambamo huishi vijinyoo vyembamba vya kama sentimita moja viitwavyo heterakisi. Kwa kuku si hatari sana, lakini mayai yake hubeba kijidudu kinachoua bata mzinga kwa kumharibia ini, na mwenye bata mzinga atabaki kulaumu mtaa mzima.

Usidhani kuku wako peke yao ndio waliolaaniwa. Watafiti wa Tanzania na Denmark waliopasua kuku wa kienyeji mkoani Morogoro, wakachapisha matokeo yao mwaka 1997, walikuta minyoo ni hali ya kawaida ya kuku anayejitafutia, tena aina nyingi ndani ya tumbo moja. Jambo la kushangaza kuhusu kuku huria ni kukosa minyoo. Kazi yetu ni kuipunguza isimshinde mwenye mwili.

Sasa tuje kwenye chanzo, na hapa naomba usirukeruke mistari. Minyoo haizaliwi tumboni mwa kuku. Inatoka chini, kwenye kibanja chako, tena pale unapopaonea fahari zaidi. Yai la askaridia likitoka na kinyesi haliambukizi siku hiyo. Linahitaji unyevu, kivuli na joto la wastani kwa takriban wiki mbili ndipo liweze kuambukiza. Kisha linaweza kukaa likisubiri kwa miezi mingi. Mahali gani wilayani kwetu Kyerwa pana unyevu, kivuli na joto la wastani? Chini ya mgomba uliotandazwa nyasi vizuri, nyuma ya jiko, hatua chache kutoka banda la kuku. Matandazo yanayomletea mkulima ndizi kubwa ndiyo yanayotunza mayai ya minyoo. Chini yake kuna nyungunyungu wanaoyameza mayai ya askaridia, kuna sisimizi na mende wa ardhini wanaobeba tegu, kuna konokono wasio na gamba wanaobeba aina nyingine ya tegu. Kuku anachakura humo asubuhi hadi jioni, na sisi tunamtazama kwa furaha tukisema anajitegemea.

Halafu tunafagia banda, tunabeba kinyesi kibichi na kukimwaga kwenye shina la mgomba ule ule anapochakura. Hakuna mganga anayeweza kuvunja uchawi wa namna hiyo, maana tunajiroga wenyewe kwa koleo.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha. Samadi ya kuku ilundikwe mbali na banda, ichanganywe na majani, ifunikwe, igeuzwe mpaka iive. Lundo likipata joto sawasawa, mkono haukai ndani yake, na mayai ya minyoo hayavumilii joto hilo. Ndipo ipelekwe kwenye migomba, ianze ile ya mbali. Mita chache kuzunguka banda ondoa matandazo, fyeka, acha jua lipige, kwa sababu jua na ukavu ndio adui mkubwa wa yai hilo. Majivu yatakusaidia kukausha sakafu, yatumie, ila usiyategemee kuua mayai: ganda lake ni gumu na hustahimili hata dawa nyingi za kusafishia. Banda lenyewe liinuliwe, liwe na vichanja vya kulalia, na maranda yabadilishwe yakilowa. Mahindi yawekwe kwenye chombo. Kumwaga chakula juu ya kinyesi na kumwita kuku aje ale ni ukarimu kwa minyoo.

Vifaranga watenge. Kuku mkubwa huweza kubeba minyoo na kutaga kama kawaida huku akimwaga mayai ya minyoo kila anapopita. Kifaranga akiokota hayo hayo anadumaa au anakufa. Askaridia huwaumiza zaidi walio chini ya miezi mitatu. Lile tenga la bibi la kufunikia vifaranga lilikuwa na akili nyingi, mradi liwe linahamishwa hadi mahali pakavu kila siku.

Kuhusu dawa za dukani. Kapsuli za rangi mbili ni za bakteria, minyoo haizijali. Mafuta ya taa yatamuumiza kuku kabla ya mnyoo kushtuka. Unga wa piperazini unaouzwa madukani ni dawa nzuri kwa askaridia, lakini tegu haiguswi nayo. Ndiyo maana nimekupeleka kwenye beseni kwanza. Ukiwa umeona utepe, mwambie muuza dawa au afisa mifugo, akupe inayoua tegu. Pima kwa maelekezo ya pakiti, si kwa kifuniko cha soda. Wanyime maji usiku, asubuhi wape maji yenye dawa kiasi cha kumalizwa ndani ya saa chache, yakibaki yamwage. Rudia baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu wadogo waliojificha kwenye ukuta wa utumbo hunusurika mara ya kwanza. Siku za kutokula mayai na nyama zimeandikwa kwenye pakiti, nazo zinamhusu hata mgeni wa heshima.

Najua wapo watakaoniuliza habari za omubirizi, ule mti wenye majani machungu. Nauheshimu mti huo kwa dhati. Mwaka 1987 katika milima ya Mahale, Mzee Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha mti huo huo, na utafiti uliofuata uliuhusisha na kupungua kwa minyoo. Lakini sokwe si kuku na minyoo yao ni mingine. Wape kuku majani kama mboga, ukifanya hivyo usiache dawa iliyopimwa.

Kalenda ya dawa ya minyoo na ya chanjo ni moja. Chanjo ya mdondo ya I-2, lile tone la jichoni, hutolewa kila baada ya miezi 3. Dawa ya minyoo itangulie chanjo kwa wiki mbili hivi, kwa sababu utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba askaridia huvuruga kinga inayotokana na chanjo ya mdondo. Anayechanja kuku mwenye tumbo lililojaa minyoo kisha akampoteza kwa mdondo, naye atamtafuta jirani.

Masika kwetu huanza Machi. Ndugu zangu wa Kibingo, dawa itolewe Februari, lundo la samadi lihamishwe kabla ya mvua ya kwanza, na atakayechinja kuku wiki hii aweke beseni la maji karibu.