Namna ya Kutalii Ukiwa Umefikia kwa Shangazi

Kwanza tafuta sababu. Mtu hatoki Dar es Salaam akasafiri kilomita karibu 900 hadi Mbozi Mission, mkoani Songwe, ati anatalii. Watu huja kuzika, kuozesha, au kugombea mpaka wa shamba la kahawa. Ukisema umekuja kutembea tu, shangazi ataitikia "karibu sana, mwanangu", halafu usiku atakuita pembeni akuulize kama kazini wamekufukuza. Sema baba amekutuma umsalimie. Hilo linaeleweka, na halihitaji ushahidi.

Kisha hesabu siku zako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mjini methali hii ni utani, huku ni ratiba. Ukija kati ya Juni na Septemba, jembe lenyewe ni ndoo ya kuchumia kahawa, wala hutaachwa nyumbani ukichezea simu. Historia yote na milima yote imalizike kabla hakujapambazuka siku ya tatu.

Historia ianzie hapo hapo ulipolala. Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifungua kituo hiki mwaka 1899. Mmoja wao, Traugott Bachmann, akakaa na Wanyiha mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipomng'oa, na katika muda huo akajifunza lugha yao kiasi cha kushughulikia tafsiri ya Agano Jipya, iliyotoka mwaka 1913. Nadhani ndiye mgeni pekee aliyeimaliza Mbozi. Lakini yeye alikaa huku miaka zaidi ya 15, na hakuwa na shangazi wa kumuuliza anarudi saa ngapi.

Ukitaka kuiona misheni vizuri, nenda Jumapili. Bei yake ni kwamba wageni wataombwa wasimame. Utataja jina, utatoa salamu za usharika wako ambao mara ya mwisho uliuona Krismasi, na kabla hujaketi utakuwa umeahidi mifuko ya saruji. Usinung'unike. Makumbusho nayo yana kiingilio.

Mchana panda bodaboda ukaone kimondo kwenye kilima cha Marengi, kijijini Ndolezi. Shangazi yupo wilaya hii tangu alipoolewa na hajawahi kufika. "Nikaangalie jiwe?" Mweleze kwamba si jiwe. Ni chuma kwa asilimia 90 hivi, kinachobaki sehemu kubwa ni nikeli, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16, urefu unapita mita tatu, nacho ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Atafikiri kidogo, halafu atakuuliza kama wenye mizani ya chuma chakavu wanajua.

Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wanakijua siku zote. Alichogundua Nott ni kwamba hakuna aliyemwambia. Shimo la kuangukia halionekani tena, maana kilianguka zamani mno. Kabla hujatoa simu, kiguse. Mgongo wake una vishimo laini, kama vya kidole gumba kwenye unga uliokandwa, na mahali pamoja kuna alama ya msumeno, waliochukua sampuli walipohangaika nacho. Binamu zako watataka kukipanda wapigwe picha. Mlinzi atakataa. Baada ya dakika chache itajulikana kwamba mlinzi ni shemeji yao, na bado atakataa, ila sasa kwa heshima zaidi.

Tunduma achana nayo. Foleni ya malori ya Zambia na Kongo inatosha kutazamwa dirishani, na ukithubutu tu kutamka kwamba utapitia huko, utapewa orodha ya vitenge, na likizo itakwishia kwa wabadilisha kwacha.

Jioni kaa na babu mdogo. Akifika kwenye habari za Novemba 1918, usisinzie. Jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilipita pande hizi kuelekea Fife, ng'ambo ya mpaka wa leo wa Zambia, likaja kusalimu amri rasmi Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya; habari zilichelewa. Bosi akiuliza kwa nini hukupatikana siku nzima, mweleze kwamba mtandao wa huku una historia.

Siku ya pili ni ya korongo la mto Kiwira, nalo lipo Rungwe. Ondoka na gari la kwanza kwenda Mbeya, ushuke Uyole, ushike njia ya Tukuyu. Utakuwa umevaa buti mpya za kupandia milima, za bei ambayo hutaitaja mbele ya shangazi. Isyonje ukungu utaingia mpaka ndani ya gari, na abiria wote watatoa masweta isipokuwa wewe. Shuka Kiwira. Daraja la Mungu ni upinde wa mwamba uliotokana na lava, na mto Kiwira unapita chini yake. Mbele zaidi ni Kijungu, ambako mto wote unabanwa miambani, unazunguka ndani ya chungu cha mawe, unazama, kisha unatokea kwingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Kufika huko unapita eneo la chuo cha Magereza. Wengine huomba ruhusa ya kutoka Magereza. Wewe utaomba ya kuingia. Simu iweke mfukoni mpaka uambiwe uitoe.

Mvua itanyesha, maana ni Rungwe. Kwenye mteremko wenye utelezi utashika kila mti, na mtoto aliyevaa yeboyebo, mkungu wa ndizi kichwani, atakupita akikupa shikamoo na pole kwa pumzi moja.

Usirudi kabla ya kumpitia binamu aliyeolewa Tukuyu. Hili halina mjadala. Utakula ndizi, utabeba mtoto, utaoneshwa bati jipya. Ukifika Mbozi usiku, shangazi atakuwa macho, akisubiri taarifa ya safari. Mwambie umemkuta mzima, mtoto ana meno mawili, mkwe amepunguza pombe. Kijungu usikitaje mpaka akuulize. Hatauliza.