Kivuli cha Dola

Magari ya kulala ndani yanayotoka Itigi kushika njia ya Rungwa na Chunya hadi Mbeya huwa na kivuli chake ubavuni: kitambaa ndani ya boksi la aluminiamu, hufunguliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma na hununuliwa kwa dola. Kazi yake ni kuzuia jua. Jua hilohilo muuza nyanya wa kando ya barabara amelizuia kwa turubai, miti miwili na kamba ya manila, tena bila kitabu cha maelekezo.

Watasema turubai huchanika kwenye matundu ya kufungia. Basi yaache matundu: viringisha kijiwe kwenye pembe ya turubai, kisha kaza kamba shingoni mwake, na upepo utang'oa mti kabla fundo halijaachia. Watasema mvua itatuama juu. Itatuama kweli, hata kwenye kile cha dola, kama ukingo wa nje haukushushwa chini ya ule uliofungwa kwenye keria ya gari. Hoja ya joto ina uzito zaidi, maana plastiki ikikaribia utosi ni tanuri. Liinuliwe, hewa ipite. Kuhusu urembo sibishani, ingawa sidhani tembo wa Rungwa hukagua rangi. Inabaki waranti. Hiyo, turubai halina. Likichanika hushonwa, na likishindikana kushonwa hukatwa la kufunikia pikipiki.